Isale Kwenye Mguu wa Glasi

Namshukuru Mungu aliyeniamsha asubuhi hii na akili ambayo bado inakumbuka majina ya watu. Sifa ni zake Yeye aliyenilisha miaka thelathini na minne kwa kazi ambayo wengi waliona haimfai mtu wa kanisa, kisha akanitoa humo na jina ambalo wajukuu zangu hawalionei haya. Ndimu aliiotesha Yeye, nyuki aliwaumba Yeye. Mimi nilichanganya tu.

Vijana wangu mnaosimama nyuma ya kaunta za Arusha siku hizi, na ninyi mnaosomea kazi hii chuoni, mmekuwa mkinifuata huku Kikwe mkitaka niwafundishe ile gimlet ya moshi. Mnafika na simu zenu, mnapiga picha glasi, mnaandika vipimo, mnaondoka. Vipimo nitawapa tena hapa. Lakini kinywaji kile nusura kimmalize mtu mbele ya ndugu zake wote, na aliyekitengeneza ni mimi. Hilo hamlipati kwenye picha. Ndiyo maana nimeomba daftari kwa mjukuu, nikakaa kuandika.

Niseme kwanza habari ya jini. Sisi watu wa bara hatupendi neno liishie hewani, lazima tulipe irabu ya kukalia. Kwa hiyo jin, ile pombe kali ya chupa, kwetu ni jini. Nilipoajiriwa hotelini mara ya kwanza nilimwambia mama yangu kwa furaha kwamba nimepata kazi, kutwa nafungua na kufunga chupa za jini. Mama akainuka palepale. Aliondoka, akarudi na mwinjilisti, wakanikuta nakula makande. Mwinjilisti akaniuliza kwa upole, "Eliakimu, mwanangu, hayo majini ni mangapi?" Nikajibu, "Yako sita, na jingine linaletwa Ijumaa." Waliniombea mpaka makande yakapoa.

Miaka mingi baadaye, nilipochaguliwa kuwa mzee wa kanisa, swali lile lilirudi kwa sura nyingine. Mchungaji aliniuliza inakuwaje nauza kitu nisichokunywa. Nilimjibu kwamba anayekunywa nyuma ya kaunta hawezi kumwona aliyezidiwa mbele ya kaunta. Mimi niliwaona mapema, nikawanyima, nikawatafutia wa kuwafikisha kwao. Mchungaji hakuridhika sana. Hata mimi sikuridhika sana. Jambo hilo niliomba juu yake kwa miaka mingi, na bado naomba.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Bwana Mbaraka, mtu wa Tanga, Mwislamu wa sala tano. Hebu fikirini: Mwislamu asiyekunywa anamfundisha Mlutheri asiyekunywa kutengeneza pombe za wageni. Yeye alionja kwa pua. Alichovya mrija kwenye glasi, akadondosha tone moja mgongoni mwa mkono, akanusa, akafuta. "Pua hailewi," alisema, "na haina rafiki."

Siku yangu ya kwanza alinituma sokoni nilete ndimu. Nikarudi na kikapu cha yale makubwa ya njano, kwa sababu kwetu huku madogo na makubwa yote tunayaita limao na hakuna anayegombana. Bwana Mbaraka akachukua moja, akaliinua.

"Hii nini?"

"Ndimu, bwana."

"Na mimi nani?"

"Bwana Mbaraka."

"Hapana. Mimi Eliakimu. Si sote ni watu tu? Tuitane lolote."

Akanirudisha sokoni kwa miguu, jua likiwa kali. Tangu hapo sijakosea. Gimlet inataka ndimu, ile ndogo ya kijani yenye ganda jembamba. Limau ukilitia asali linanyamaza, ndimu inajibu.

Huyo Bwana Mbaraka ndiye aliyeniambia pia neno ambalo nitawaomba mlitunze: kilichomo kwenye glasi ya mgeni ni siri ya mgeni. Akitaka maji yaonekane kama pombe, ni yake. Akitaka pombe ionekane kama maji, mwangalie vizuri, lakini bado ni yake.

Sasa gimlet. Ile ya zamani ni jin na maji ya ndimu yenye sukari yanayotoka kiwandani, basi. Ilikuwa nzuri kwa wakati wake. Miaka ya karibuni wageni walianza kutaka kitu cha kisasa, na mwenye hoteli akatutaka tubuni. Mimi nikaacha yale ya chupa nikakamua ndimu mbichi, nikaacha sukari nikatia asali ya huku mlimani. Toti mbili za jin, toti moja ya ndimu, na robo tatu ya toti ya asali iliyolainishwa kwa maji ya moto ya kiasi kilekile. Tikisa na barafu mpaka kopo liume mkono. Kilikuwa kitamu, lakini hakikuwa na kwao.

Kwao kilipewa na mke wangu. Yeye ni Mwarusha, na kwao maziwa hayawekwi kwenye kibuyu ambacho hakijafukizwa kwa kijinga cha oloirien, ule mzeituni wa porini. Jumapili moja nilimtazama akifukiza kibuyu cha mama yake nikamwomba kipande cha mti ule. Nilipompa glasi anuse alicheka mpaka akakaa chini. "Mzee mzima," akasema, "unafukiza glasi kama kibuyu, sasa utakamua nini humo?"

Namna yake ni hii. Choma kijiti kikavu mpaka kiwe kaa, zima mwali, weka kaa kwenye kisahani cha udongo, pindua glasi juu yake. Vijana mnahesabu kwa simu. Mimi nilisema Sala ya Bwana moyoni, taratibu, na nikifika Amina moshi umetosha. Ukizidisha unakunywa majivu. Kisha inua glasi, isimamishe, useme sala ya pili yote ikipoa ndipo utie barafu. Sala moja ya kufukiza na moja ya kupoza. Ya pili ndiyo wengi wanairuka.

Nimefika sasa kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa Jumamosi mchana, kama miaka miwili kabla sijastaafu, katika bustani ya hoteli yetu upande wa Engutoto. Mzee Aminieli, Mchaga mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, alikuwa na shughuli ya binti yake Upendo kuvishwa pete. Aliagiza gimlet ya moshi kwa meza kuu, glasi tisa, kwa ajili ya kugonga.

Wageni walikuwa bado wanaingia alipofika kaunta mtu mmoja wa miaka arobaini na kitu, shati la bluu limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba. Karibu."

"Wewe ndiye unayetengeneza vya meza kuu?"

"Ndiye."

Akatazama nyuma yake. "Cha kwangu kisiwe na kitu."

"Bila jin."

"Taratibu, mzee wangu. Ndiyo. Ila kifanane na vingine. Sura na harufu." Akaweka viganja vyote viwili juu ya kaunta kama anayezuia isiondoke. "Nina miezi kumi na moja. Nikionja kimoja tu, hata cha heshima, sirudi. Najijua."

Nikamuuliza kama wenyeji wake wanajua. Akacheka, lakini si kicheko.

"Mwenye shughuli ni kaka yangu. Tulipomzika mama nilikuja nimelewa. Nilianguka kwenye udongo wa kaburi, wakanibeba kama gunia. Huu ni mwaka wa nne hajanisemesha. Leo nimeitwa na Upendo, siyo na yeye."

"Si ungemwambia umeacha?"

"Atasema nimeshaacha mara sita. Na ni kweli, mzee, nimeshaacha mara sita. Nataka ajionee mwenyewe, bila mdomo wangu."

Jina lake lilikuwa Godlisten. Nilimwambia asiwe na shaka. Vijana, msimwambie mtu hivyo kabla hamjamaliza kazi.

Nilichemsha mchaichai na ganda la ndimu na punje za giligilani, nikapoza kwenye barafu. Hiyo ikakaa mahali pa jin. Asali na moshi vikafanya yaliyobaki. Nilipozipanga glasi tisa kwenye sinia hata mimi sikuweza kuzitofautisha kwa macho, na pua yangu ilikuwa imeshachoka na moshi. Nikahitaji alama. Nyuma ya kaunta palikuwa na safu ya isale, ile mimea yenye majani marefu ya kijani. Nikachana ukanda mwembamba wa jani moja, nikaufunga fundo kwenye mguu wa glasi ile.

Mtaniuliza kwa nini isale. Kwa sababu mimi ni Mmeru wa Kikwe. Kwetu isale hupandwa mpakani mwa shamba: huku kwangu, kule kwako, tusivukiane. Mkono wangu uliona glasi yenye mpaka, ukaenda kwenye isale kabla kichwa hakijauliza ni nani watakaokaa meza ile. Na nilijua. Nimeishi na Wachaga maisha yangu yote. Kwao aliyekukosea akija ameshika jani la isale lenye fundo amekuja kuomba msamaha, na isale haikataliwi. Nilijua hayo yote, na nikafunga fundo.

Nikamwambia mhudumu wetu Namnyaki, "Yenye jani ni ya shati la bluu. Usikosee." Namnyaki hakukosea. Ni mimi niliyekosea.

Mshereheshaji alikuwa kijana wa Moshi mwenye koti la kung'aa. "Meza kuu, simameni! Glasi kifuani, tabasamu kwa kamera!" Kisha akanyosha shingo kuelekea meza kuu.

"Ngoja. DJ, shusha muziki. Ndugu zangu, macho yangu ni mazima? Lile ni isale?"

Shangazi mmoja mzee akasimama na kanga zake. "Ni isale! Godlisten ameleta isale kwa kaka yake!" Akapiga kigelegele. Wengine wakakidaka, kisha kikakatika, maana Mzee Aminieli alikuwa amegeuka.

Godlisten aliitazama glasi iliyo mkononi mwake kama mtu aliyekabidhiwa mtoto asiye wake. Akainua macho akanitafuta kaunta. Angeweza kusema si yangu, muulizeni mhudumu. Hakusema. Alisogea hatua mbili, akaishika glasi kwa mikono miwili, akainama kidogo.

"Kaka," akasema. Basi.

Mzee Aminieli hakupaza sauti, lakini kipaza sauti kilikuwa karibu. "Isale kwenye pombe? Umeona uniombe msamaha wa ulevi kwa pombe?"

Watu mia na zaidi walikuwa wameshageuka kumtazama Godlisten. Jibu alikuwa nalo mkononi na hakuweza kulisema.

"Baba," Upendo akamwita.

Shangazi naye hakukaa chini. "Aminieli! Isale ni isale. Haiulizwi imefungwa wapi. Pokea."

Akapokea. Aliichukua ile glasi yenye jani, na ile yake akamwekea mdogo wake mkononi. "Haya. Kunywa yangu. Kunywa mbele yangu kimoja, uiweke glasi chini, nione kama unaweza kuiweka chini."

Mshereheshaji akadhani mambo yamekwisha. "Amani hiyo! Wote pamoja, tatu..."

Kutoka kaunta mpaka meza kuu ni hatua kama ishirini. Sikumbuki kuzipiga. Nakumbuka nilichokuwa nafikiri: nikisema ukweli hadharani nimeuza siri ya mgeni, nikinyamaza nimemuua, na nikisema uongo jina langu linasomwa kesho kanisani kwenye zamu ya wazee. Bwana alinipa sentensi moja yenye kweli ndani yake.

"Samahani sana, baba. Hiyo glasi ina kosa langu. Naomba niibadilishe."

Nikaishika. Godlisten hakuiachia. Ilikuwa imefika chini ya kidevu chake, pua imeshaisikia, na vidole vyake vilikuwa vimeikaza kwa namna ambayo nimeiona kwa watu wengi upande ule wa kaunta. Tulibaki tumeishika wote wawili. Nikamwambia kwa sauti ya chini kabisa, "Achia, mwanangu." Kikaachia kidole kimoja, kisha vingine.

"Mzee wa kaunta!" mshereheshaji akapiga kelele. "Au wewe umeanza kunywa bila sisi?" Bustani nzima ikacheka. Meneja wetu, Bwana Denis, alikuwa ameshafika ubavuni mwangu na tabasamu la wageni usoni. "Mzee Eliakimu," akasema bila kufungua meno, "rudi kaunta. Unatuaibisha."

"Dakika tatu, bwana."

"Kosa gani?" Mzee Aminieli akauliza.

"Nimeikosea, mzee. Nipe dakika tatu."

Mchaichai uliobaki ulitosha glasi moja. Kaa la oloirien lilikuwa limefunikwa na majivu. Nilipuliza mpaka macho yakajaa machozi, likarudi jekundu. Nikapindua glasi, nikaanza sala, nikaikimbiza kama mtoto anayetaka kwenda kucheza. Amina. Nikatia barafu papo hapo. Glasi ikalia pa! ikapasuka kutoka mdomoni mpaka mguuni, na Bwana Denis akaona.

Nilikuwa nimeruka sala ya kupoza, mimi ninayewafundisha wengine.

Nikachukua glasi nyingine. Watu wa meza kuu walikuwa bado wamesimama, na nilimsikia mshereheshaji akijaza muda kwa vichekesho ambavyo havikuchekesha. Nikasema sala ya kwanza neno kwa neno. Nikainua glasi. Nikasema ya pili, na nakiri kwenu, nilipofika mahali pa kuombea tusiingizwe majaribuni nilikwama, kwa sababu kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile sikuwa naisema kwa ajili ya glasi. Nikamaliza. Nikatia barafu. Glasi ikanyamaza.

Godlisten aliipokea, akainusa, akanitazama. Nikafumba macho mara moja, kumwambia ndiyo.

Wakagonga. Yeye alikunywa yote kwa mkupuo, akaiweka glasi mezani, taratibu, akaondoa mkono. Watu wakapiga makofi. Mzee Aminieli hakupiga. Alikuwa amepiga funda moja la ile yenye isale, akasita. Aliitazama glasi. Akapiga la pili, dogo, akilizungusha mdomoni. Kisha akamtazama mdogo wake, akakaa.

Bwana Denis alinipa maneno yangu palepale nyuma ya friji. Mwezi mzima nikaosha glasi jikoni, mtu wa umri wangu, na sikumweleza kitu, kwa sababu nilichokuwa nacho cha kujitetea hakikuwa mali yangu.

Lakini kabla hajanihamisha, chakula kikiwa hakijaanza, Mzee Aminieli alikuja kaunta peke yake. Aliiweka glasi tupu mbele yangu. Ukanda wa isale ulikuwa bado uko mguuni.

"Nani amefunga hili jani?"

"Mimi, mzee."

"Yeye alikutuma?"

Hapo ndipo ingekuwa rahisi kusema ndiyo. "Hapana. Ni kosa langu. Nilikuwa naweka alama."

"Alama ya nini?"

Nikachukua kitambaa, nikaanza kufuta kaunta.

"Nakuuliza, mwenzangu. Ndani yake mlikuwa na nini?"

"Kilichomo kwenye glasi ya mgeni, mzee, muulize mgeni."

Akaniangalia, akatikisa kichwa. "Ulimi wangu si mtoto. Nimekunywa jin tangu kabla ya huyo mshereheshaji kuzaliwa." Akaipiga glasi kidogo kwa ukucha. "Na mimi nikampa yangu. Mbele ya watu. Nikamwambia kunywa." Alifungua lile fundo la isale kwa vidole vinene vya mtu wa mabati na misumari, akachukua muda, asilikate, akalikunja akalitia mfuko wa shati, upande wa moyo.

Akageuka kumtazama Godlisten, aliyekuwa amekaa peke yake mwisho wa meza, mikono mapajani.

"Tengeneza mbili," akaniambia. "Kama hii hii. Usiongeze kitu."

Nilichemsha mchaichai mwingine, nikazitengeneza kwa sala zote nne, mbili kwa kila glasi. Alizibeba mwenyewe, mtu mwenye shughuli, bila sinia, akapita katikati ya wageni wake akienda mwisho wa meza.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Bwana akupe mkono usiotangulia kichwa, na pale unapotangulia, akupe miguu ya kuvuka bustani. Akulindie wale utakaowawekea glasi mbele yao, na akulinde wewe usiwe mmoja wa wanaoshindwa kuiweka chini. Amina.